Huyu Hutupikia Chai

Jumamosi, 7 Oktoba 2023

Mvua za vuli zimeanza leo saa nane mchana, nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya ukumbi wa mabati, karibu na soko la Gakoromone, napigiwa makofi.

Mwezi uliopita daktari aliniambia moyo wangu umechoka na kwamba nisipange mambo ya mwakani. Nina miaka themanini na mitatu. Thelathini na minne kati ya hiyo nilikuwa darasani, na chaki ilinizoesha kuandika wazi. Daftari hili nimelinunua ili niandike jambo moja kabla sijafa.

Mjukuu wangu Mukami, mtoto wa binti yangu aliyeolewa Embu kwa kina Njue, anasomea historia chuo kikuu. Yeye na wenzake wameanzisha matembezi ya kila Jumamosi hapa Meru mjini. Watu hutembea kwa miguu kutoka kituo hadi kituo, wakisimuliwa habari za wanawake waliotangulia: mkunga wa kwanza kupewa funguo za zahanati, mama wa kwanza kuendesha lori la maziwa, na wengine. Vituo ni sita. Cha nne ni mimi.

"Hapa," Mukami akasema kwa ile sauti yake ya kubebwa na upepo, "ndipo Mwalimu Ednah Kiende alipoanzisha darasa la kwanza la akina mama wa soko. Aliwafundisha kusoma kwa karatasi za kufungia nyama. Unanunua nyama, unasoma mstari mmoja wa gazeti lililoifunga, na ukisoma vizuri unapewa nyongeza, mfupa wa supu. Ukumbi ulifunguliwa mwaka wa 1971. Na kwa bahati yetu, Mwalimu mwenyewe ndiye huyu!"

Nikainua mkono.

Maelezo yale karibu yote ni kweli. Jina tu ndilo si lenyewe.


Jumapili, 8 Oktoba

Sikwenda kanisani, matope. Kajuju ameniletea supu ya mifupa. Nimeikataa. Nimesema ni tumbo.


Jumatano, 11 Oktoba

Kajuju hachoki. Amenitunza miaka kumi na mmoja, ni mwanamke wa hamsini na kitu kutoka pande za Nkubu, na anaamini hakuna ugonjwa usiosikia supu.

"Mwalimu, daktari alisema supu."

"Daktari alisema nile vizuri."

"Na supu ni kula vibaya?"

Nimekunywa uji.


Jumamosi, 14 Oktoba

Mvua asubuhi, ikaacha saa sita. Watu thelathini na wawili. Mukami ameleta bango jipya lenye picha ya siku ya kufungua ukumbi. Mimi, kijana, gauni lenye kola nyeupe, napeana mkono na mgeni rasmi aliyetoka makao makuu ya mkoa kule Embu.

"Cucu, unaona vile umetoka vizuri? Kulikuwa na mkono wa mtu hapa kando, umeshika kikombe. Nimeukata. Ulikuwa unaharibu picha."

"Umefanya vizuri," nikasema.

Nimelirudia neno hilo njia nzima nikirudi na tuk-tuk. Umefanya vizuri.


Ijumaa, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Matembezi maalumu, shule mbili za wasichana na akina mama wa kanisa wenye vitambaa vya bluu. Mjakaranda wa pale kando umechanua na mvua imeangusha maua yote kwenye matope, kwa hiyo wasichana walikanyaga zambarau.

Mmoja aliniuliza niliipataje fikra ya karatasi za nyama. Ningeweza kusema sikumbuki. Wazee tunaruhusiwa. Badala yake nikasema nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya bucha siku moja, nikamwona mama mmoja ameshika gazeti kichwa chini, nikaingiwa na huruma.

Hilo la gazeti kichwa chini nimelitunga leo. Lilikuja lenyewe, limevaa viatu. Msichana akaliandika.


Jumanne, 24 Oktoba

Miguu imevimba. Mvua.


Jumamosi, 28 Oktoba

Leo mama mmoja anayeitwa Alice, muuza sukumawiki hapo sokoni, aliacha mboga zake kwa jirani akajiunga na kundi lilipofika kwangu. Alisikiliza mikono kiunoni, kisha akasema:

"Mwalimu, samahani. Nataka kuuliza kitu ya ujinga."

"Uliza, mama."

"Hiyo mifupa. Wewe ulikuwa mwalimu wa shule. Mifupa ya kupea watu kila wiki ulikuwa unatoa wapi? Mimi yule mzee wa bucha ya huku kwetu nimemjua miaka ishirini na hata siku moja hajanipea mfupa bure. Na amewahi kunitongoza!"

Kicheko kikubwa. Nami nikacheka, kwa kuwa kucheka kulinipa nafasi ya kutafuta la kusema.

"Nilikuwa nainunua," nikasema.

"Ya watu arobaini?" Akatikisa kichwa. "Kumbe walimu wa zamani mlikuwa matajiri. Hawa wa siku hizi wanakopa hata dania."

Wakacheka tena, wakaenda kituo cha tano. Alice alibaki nyuma kidogo akiniangalia, halafu akarudi kwenye mboga zake.

Miaka hamsini na miwili watu wamesimulia habari ile, makanisani, mashuleni, redioni mara mbili. Hakuna aliyewahi kuuliza mifupa ilitoka wapi. Imebidi aulize mtu anayejua bei ya mfupa.


Jumanne, 31 Oktoba

Nimeota nasoma gazeti lililoloa damu. Sitaandika zaidi leo.


Jumamosi, 4 Novemba

Zuleka alikuja.

Nilimtambua kabla hajafika, kwa mwendo. Mamake alitembea vivyo hivyo, akitanguliza bega la kushoto. Amevaa gambuti na buibui ameipandisha kidogo kuepusha matope. Ana miaka sitini na mmoja au miwili sasa, na bucha bado ni yake, pale pale, mtaa wa Waislamu nyuma ya soko. Alikuwa ametembea vituo vyote vinne tangu mwanzo. Alisimama mbele, akasikiliza Mukami mpaka mwisho, pamoja na lile la gazeti kichwa chini ambalo sasa Mukami amelitia ndani. Hakuuliza kitu. Alipiga makofi pamoja na wengine.

Kisha akaja akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Zuleka. Hujambo?"

"Sijambo. Mama alikuwa akikutaja sana."

Nilijua nisiulize. Nikauliza. "Alisemaje?"

"Alisema una mwandiko mzuri," akasema, akaniachia mkono, akafuata kundi.


Jumatatu, 6 Novemba

Basi niandike.

Mamake Zuleka aliitwa Kibibi, binti wa mzee Suleiman mwenye bucha. Alinipita miaka kama sita. Herufi za Kiarabu alizisoma katika chuo cha Kurani akiwa mtoto. Za Kizungu alifundishwa na ndugu yake Idris, aliyepelekwa shule, kwa malipo ya kumfulia nguo. Kazi yake dukani ilikuwa kukata magazeti makuukuu ya kufungia nyama, na kwa kuwa alijua kusoma, alikuwa akiyasoma kabla ya kuyakata. Babake alipougua, Kibibi akashika bucha. Wanaume walinunua mbele. Akina mama walipita dirisha la kando, na hapo ndipo alipoanza. Alikuwa akiifunga nyama, anaishika, haiachilii. "Soma kwanza," anasema. Ukisema hujui, anakuonyesha herufi moja. Kesho yake mbili. Mama aliyesoma mstari mzima alipewa mfupa juu ya nyama yake, na hakuna mama aliyeondoka na mfupa bila wengine kumwonea wivu. Hivyo walijifunza, Waislamu na Wakristo, kwa wivu na supu.

Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Jumamosi mchana, nyama ikiisha, walikaa kwenye magunia nyuma ya bucha. Mwaka 1969, nilipopelekwa kule na jirani, alikuwa na wanawake arobaini kwenye rejista, majina yote kwa mkono wake. Mimi nilikuwa na cheti cha ualimu na mwandiko wa kufundishwa. Nikasaidia. Niliwaonyesha jinsi ya kushika kalamu. Nilikaa naye miaka miwili kwenye magunia yale na sijawahi kujifunza ualimu mahali pengine.

Ukumbi tuliujenga wenyewe. Siku hizo vikundi vya akina mama vilikuwa vikichangia mabati, na kila mwanafunzi alileta bati lake moja kichwani, wakapandisha kilima cha kwenda ukumbini kwa mstari mmoja, mabati yakilia kwa upepo. Aliyetangulia mbele alikuwa Kibibi.

Siku ya kufungua alikuja mgeni rasmi kutoka Embu. Asubuhi kamati iliniambia mgeni angependa kumwona mwalimu mwenye cheti. Nilikubali. Hilo bado lingesameheka. Mgeni alifika, akaniuliza ni nani alianza darasa. "Sisi akina mama," nikasema. Hilo nalo pengine. Akanishika mkono akasema serikali ingetaka walimu kumi kama mimi. Kisha, mkono wangu bado ukiwa ndani ya wake, akamgeukia Kibibi aliyesimama karibu nami, rejista kifuani.

"Na huyu mama?"

Nikasema, "Huyu hutupikia chai."

Miaka yote nimejiambia nilisema hivyo kwa ajili ya ukumbi, kwamba kamati ingekasirika, kwamba kanisa lingejitoa. Kamati ilikuwa mbali, haikusikia. Mgeni alikuwa mtu mpole. Angempa mkono na kumsifu. Na hilo ndilo lililonisukuma. Niliona mkono wake unataka kuniacha uende kwake.

Kibibi aliniangalia. Hakukasirika. Aliniangalia jinsi alivyomwangalia mwanafunzi aliyekosea neno, akingoja nirudi mwanzo wa mstari. Alingoja kweli. Sikurudi.

Basi akaiweka rejista mezani taratibu, akaenda nyuma, akapika chai. Hapakuwa hata na vikombe. Aliomba kwa majirani. Hakuwa amewahi kupika chai mahali pale, kila mtu alileta yake kwenye chupa. Akamletea mgeni, kisha akaniletea mimi, sukari kama ninavyoipenda. Mpiga picha alitushikisha mikono tena, akapiga wakati huo. Mkono ule wenye kikombe ni wake.

Jumamosi iliyofuata hakuja, na wanawake wote wa mtaa wake hawakuja. Siku ya Jumatatu nilikwenda dirisha la kando. Kulikuwa na foleni. Akanipimia nusu kilo, akaifunga, akaishika.

"Soma kwanza, Mwalimu."

Nikasoma. Mstari mzima, mbele ya watu. Alinisikiliza hadi nukta. Kisha akachukua mfupa akauweka juu ya nyama yangu, kama alivyomfanyia mwanafunzi yeyote, akasema, "Anayefuata."

Sijakanyaga bucha ile tena. Sijanywa supu ya mifupa tena. Kibibi alifariki mwaka 2004, Zuleka mwenyewe akaja kunipa habari mlangoni, nikasema presha imepanda, sitaweza kufika matangani. Presha yangu siku hiyo ilikuwa salama.


Jumamosi, 11 Novemba

Mvua kubwa, mto Kathita umejaa hadi watu wanakwenda kuutazama. Matembezi yameahirishwa. Nilifurahi kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa, na kisha nikaona haya.


Jumatano, 15 Novemba

Jana jioni nilizimia bafuni. Leo daktari amehesabu vidonge akakuta nimekunywa vya presha mara mbili kwa siku na vya kupunguza maji mwilini sikunywa kabisa, wiki nzima. Duka la dawa lilibadilisha chupa.

"Kajuju, lakini imeandikwa hapa."

Alitazama sakafu. "Mimi huenda na rangi, Mwalimu. Nyeupe asubuhi, ya pinki jioni. Sasa wameleta zote nyeupe."

Ilinichukua muda kuelewa. "Hujui kusoma?"

"Kidogo. Jina yangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza." Halafu, kwa kuwa ana moyo mwema na aliona uso wangu: "Mimi nilikuja kufua na kupika, Mwalimu. Na wewe ulikuwa umestaafu."

Miaka kumi na mmoja. Amefuta vumbi kwenye cheti changu cha heshima kila Jumatatu na hajui kinasema nini.


Jumamosi, 18 Novemba

Nimemwambia Mukami. Alikuja kunijulia hali kabla ya matembezi, nikamkalisha hapa kitandani nikamsimulia yote, hata lile la kikombe. Nilidhani atalia. Alifungua na kufunga zipu ya begi.

"Cucu, nani mwingine anajua?"

"Zuleka. Na wale wa zamani, waliobaki."

"Amesema kitu?"

"Hapana."

"Basi asikusumbue akili. Wewe ni mgonjwa."

"Mukami, nakuambia mimi si..."

"Nimesikia vile umeniambia. Lakini sikiliza na wewe. Kibao cha ukumbi kimeshachongwa. Tunakiweka siku ya Jamhuri, tarehe kumi na mbili. Kina jina lako. Ripoti yangu ya mwaka wa mwisho ni wewe, sura nzima. Tunaweza ongeza yeye. Tunasema, 'akisaidiwa na Bi. Kibibi.' Si hiyo ni sawa?"

Akisaidiwa na.

Nimekuwa nikimtazama mtoto huyu majuma yote haya kwa fahari: sauti yake, jinsi watu wanavyomfuata barabarani. Leo nimemwona anavyoinua kidevu watu wakimsifu. Nakijua kidevu hicho. Hakukipata kwa kina Njue.


Jumatano, 22 Novemba

Mvua, siku ya nne. Mahindi ya jirani yamelala.


Jumatatu, 27 Novemba

Nimekwenda kwenye bucha. Kajuju alinishika mkono mmoja, fimbo mkono wa pili. Dirisha la kando limezibwa kwa tofali lakini fremu yake inaonekana ukutani.

Zuleka alikuwa akipangusa gogo. Aliniletea stuli. Hakushangaa, na kutoshangaa kwake kulinitisha kuliko ambavyo ukali ungenitisha.

"Nimekuja kwa jambo la mamako."

"Karibu."

"Siku ya kufungua ukumbi, mgeni aliniuliza mamako ni nani. Nilisema..."

"Najua ulichosema, Mwalimu."

"Alikuambia?"

"Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka tisa, nimeshika gauni lake. Mimi ndiye nilitumwa vikombe." Aliendelea kupangusa. "Nilimuuliza mama mbona anapika chai. Akasema, Mwalimu amesema mimi ndiye mpishi, sitaki aonekane mwongo mbele ya wageni."

Nililia. Hakunifariji. Mteja akaja, akanunua robo, akaenda. Nilipoweza kusema tena nikamwomba msamaha, kwa maneno hayo hayo, nisamehe.

"Mwalimu, nitakuambia kweli kwa heshima yako," akasema. "Wewe hukuja hapa kuniambia kitu. Mimi najua, Mwenyezi Mungu anajua, mama alijua. Umekuja kwa mtu pekee ambaye ukimwambia hakibadiliki kitu. Hao wanaokupigia makofi ndio hawajui."

"Mbona hukusema siku ile ulipokuja?"

"Ningesema nini? Kwamba muuza nyama anamwonea wivu mwalimu?" Akanitazama sasa. "Nilikuja kusikia kama utasema wewe. Nitakuja tena."


Jumamosi, 2 Desemba

Alikuja. Alisimama mbele. Mukami akasimulia, akaongeza, "akisaidiwa na Bi. Kibibi, jirani wa soko." Akaniuliza kama nina neno. Nikasema, "Someni, wasichana. Elimu ni nuru."

Makofi.

Zuleka hakupiga. Alingoja. Niliijua kungoja ile, nimewahi kuiona kwenye uso mwingine. Kisha Mukami akaliongoza kundi mbele, na Zuleka akakunja mwavuli akaenda dukani kwake.

Nilifundisha watoto elfu kadhaa wasimame waseme walichokosea. Nikawachapa wasiposema.


Alhamisi, 7 Desemba

Pumzi fupi. Daktari anataka nilazwe. Nimemwambia baada ya Jumamosi.


Jumamosi, 9 Desemba

Nimesema.

Kulikuwa na watu wengi, huenda themanini, kwa sababu ya kibao cha Jumanne. Akina mama wa kanisa, watu wa kaunti, Alice na wenzake watatu wa sokoni. Mvua iligonga mabati hivi kwamba Mukami alilazimika kupaza sauti. Zuleka hakuwa mbele. Nilimtafuta, sikumwona, nikafikiri, basi, hakuna wa kunisikia, naweza kunyamaza. Hivyo ndivyo nilivyo. Hata leo, hata kwa pumzi hizi.

Ndipo Mukami akasoma lile la mkono wa mgeni, na nikasimama kabla hajaniita. Kajuju alinishika kiuno.

"Mwaka ule," nikasema, "mgeni aliniuliza swali mahali hapa nilipo. Aliniuliza mama aliyesimama kando yangu ni nani. Sijamjibu hadi leo. Naomba nimjibu."

"Cucu," Mukami akasema taratibu. "Kaa chini."

"Alikuwa Kibibi binti Suleiman. Alikuwa mwenye darasa hili. Karatasi zilikuwa zake, mifupa ilikuwa yake, rejista ilikuwa yake. Mimi nilikuja baadaye nikaonyesha watu kushika kalamu. Nilipoulizwa, nilisema huyu hutupikia chai. Hakuna aliyenituma. Nilitaka kusifiwa peke yangu, na nimesifiwa peke yangu miaka hamsini na miwili. Lile la gazeti kichwa chini nililitunga mwezi wa kumi."

Mvua tu. Mama mmoja wa kanisa akasema kwa nguvu, "Mwalimu ni mgonjwa, jameni, homa imempanda," na wengine wakashika neno hilo kwa haraka, ndiyo, ni homa, apelekwe ndani. Wangeniachia njia. Ningeweza kupita.

"Sina homa," nikasema.

Alice alikuwa amekunja mikono. "Si niliuliza hiyo mifupa ilitoka wapi?" akawaambia wenzake. "Si niliuliza?" Hakuna aliyecheka, wala yeye.

Mukami alikunja bango. Alilikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaondoka nalo kwenye mvua bila kunitazama. Kundi likatawanyika bila kufika kituo cha tano. Nilipogeuka, Zuleka alikuwa chini ya upenu wa nyuma, pale palipopikiwa chai. Alikuwepo wakati wote. Aliinamisha kichwa kidogo, akaenda zake.

Sikuhisi wepesi. Wasemao kwamba mtu huhisi wepesi, labda wao walisema mapema.


Jumanne, 12 Desemba

Jamhuri. Kibao hakikuwekwa. Binti yangu amepiga simu kutoka Embu, amelia, amesema nimemharibia mtoto masomo. Nimesema ndiyo.

Mukami hapokei simu yangu.


Jumamosi, 16 Desemba

Nimelazwa siku tatu, nimeomba kurudishwa nyumbani. Nilimtuma Kajuju aende kwenye matembezi kama yangekuwapo. Amerudi amelowa.

"Yalikuwa. Watu kidogo, kama kumi."

"Mukami yuko?"

"Yeye ndiye aliongoza. Lakini hawakusimama kwa ukumbi. Walipita, wakaenda mpaka bucha ya Zuleka, pale kwa dirisha imezibwa. Wakasimama hapo."

"Bango je?"

"Ni ingine. Hiyo picha iko na mkono sasa. Mkono na kikombe."

Nilijiinua kwenye mto.

"Walisema jina yako pia," Kajuju akasema, akikamua leso. "Walisema vile ulisema, hiyo ya chai."

"Watu wakasemaje?"

"Waliguna."

"Vizuri," nikasema. "Na kiti changu?"

"Wamerudishia mwenyewe."


Jumatatu, 18 Desemba

Mvua imekata. Mlima Kenya umeonekana asubuhi, mweupe juu.


Jumanne, 19 Desemba

Kalamu ni nzito, kwa hiyo kwa kifupi.

Kajuju amerudi kutoka sokoni na nusu kilo kutoka kwa Zuleka. Siku hizi nyama hutiwa kwenye mifuko ya karatasi ya kaki. Hii ilikuwa imefungwa kwa gazeti, juu ya mfuko.

"Zuleka amesema usifungue kwanza. Amesema wewe unajua."

Nililitazama muda mrefu. Macho hayaoni tena herufi ndogo, lakini kichwa cha habari kilikuwa kikubwa, cha ukurasa wa kilimo. Ningeweza kukisoma. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo.

Nikamwambia Kajuju aketi hapa kitandani. Nikaiweka nyama mikononi mwangu, nikaishika.

"Soma kwanza."

"Mwalimu, mimi sijui."

"Hii ni M. Iko kwenye jina la Mukami. Iko kwenye Meru."

"Nyama itaharibika."

"Haitaharibika. Hii inayofuata ni B."

Imetuchukua mpaka saa sita. MBEGU. Neno moja, si mstari, lakini alilisoma mwenyewe mara ya pili bila kidole changu, kisha akacheka akafunika mdomo. Ndipo nikaachilia. Ndani, juu ya nyama, kulikuwa na mfupa mkubwa wa goti.

"Huo ni wako," nikamwambia.

Amepika supu. Nimeomba kikombe, akanipa cha kwake alichokuwa ameanza kunywa.